Picha ya Thelathini na Sita

Subilaga Mwakalinga hakuwa mtu wa kurudi nyumbani na mkanda ambao haujaisha. Wapiga picha wa filamu, hao wachache waliobaki Mbeya, wote wana ugonjwa huo. Mkanda una picha thelathini na sita. Ukipiga thelathini na tano msibani, ile moja iliyobaki inakuwasha kidole, maana mkanda hausafishwi nusu, na wafiwa hawawezi kungoja mpaka afe mtu mwingine. Kwa hiyo unaielekeza kamera popote, kwa mbuzi, kwa ukuta, kwa bati la jirani, unabonyeza, kazi kwisha.

Jumamosi hiyo alikuwa anatoka mazikoni. Saa tisa alasiri alipita soko la ndizi, akaona mikungu imepangwa vizuri na mwanga unaiangukia kwa upole, akasema moyoni, hii ndiyo ya kumalizia. Akainua kamera. Akiwa bado anarekebisha lenzi alisikia kelele upande wa kushoto. Akageuka jicho likiwa bado limebana kwenye kamera, na kidole chake, ambacho kimefanya kazi hiyo miaka arobaini na hakingoji ruhusa ya mtu, kikabonyeza.

Kamera ya namna ile ina kioo kidogo tumboni. Ukibonyeza, kioo kinainuka ili mwanga uifikie filamu, na kwa kufumba na kufumbua mpiga picha anaona giza. Watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani mpiga picha ndiye aliyeona kuliko wote, kumbe ndiye peke yake ambaye hakuona. Subilaga aliposhusha kamera, mzee Anyelwisye, muuza parachichi, alikuwa tayari amelala chini, kichwa kwenye ukingo wa mtaro, parachichi zake zinabiringika miguuni mwa watu. Askari wa Kikosi cha Njia Safi, ile kampuni iliyopewa kazi ya kuondoa wachuuzi njiani, walikuwa kumi na mmoja, wote koti moja na kirungu kimoja. Aliyempiga mzee ni yupi, au kama kweli amepigwa, Subilaga hakujua.

Watu walikuwa wamemzunguka mzee na wote wameinua simu. Subilaga alipita nyuma yao akachungulia vioo vya simu hizo, na katika kila kioo mlikuwa na ukungu. Ndiyo kazi ya shela. Tangu miaka ile ya wizi wa sura, watu walipokuwa wakiamka asubuhi na kujikuta kwenye simu wanakiri mambo wasiyoyatenda kwa midomo yao wenyewe, sheria iliagiza kila lenzi ifungwe shela. Lenzi inabeba orodha ya walioruhusu sura zao zionekane hadharani. Asiyekuwemo anageuzwa ukungu, kuanzia kiunoni kwenda juu, mikono na vyote alivyoshika. Askari walikuwa ukungu. Mzee aliyelala alikuwa ukungu. Uso mmoja tu ulionekana katika simu zote zile, uso wa Gwamaka, muuza viazi, ambaye aliifungua sura yake siku nyingi ili wateja wamjue. Alikuwa amepiga magoti, mikono yake iko shingoni mwa mzee, anajaribu kumwinua.

Mzee Anyelwisye alifariki jioni ileile. Gwamaka alikamatwa kesho yake akitoka kanisani, na kila aliyeuliza kwa nini alionyeshwa picha.

*

Jumatatu asubuhi Subilaga alijifungia katika chumba chake cha giza, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi, akausafisha mkanda wa msiba. Alipoutundika ukakauka, akachukua kioo cha kukuzia, akaanza kuzipitia picha moja moja. Jeneza. Wajukuu. Kwaya. Alipofika ya mwisho alivuta kigoda akakaa.

Kirungu cha askari kimetua upande wa kulia wa kichwa. Mzee Anyelwisye ndiyo kwanza anaanza kuanguka, kofia yake ingali hewani. Gwamaka yuko nyuma kabisa, hatua kumi au zaidi, gunia la viazi begani. Askari mwenyewe ni kijana, ameuma mdomo wa chini, na sikio lake la kushoto limekatika ncha ya chini. Filamu haina shela. Kila kitu kilikuwa pale kama kilivyokuwa. Na pembeni kulia, nyuma ya mikungu, alisimama mwanamke muuza ndizi, ameukazia macho mlango wa lenzi.

"Bwana wee," Subilaga alisema, na hakukuwa na mtu wa kumwitikia.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kazi yake. Alifundishwa na aliyemfundisha kwamba picha ya kwanza haikai kwa mpiga picha, inakwenda kwa mwenye uchungu. Ndivyo alivyofanya kwa misiba mia na mia. Basi akachapa nakala moja, ikiwa bado na unyevu akaitia kwenye bahasha, akaenda nayo moja kwa moja kwa Bupe, mama yake Gwamaka, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wa kwaya ya Moravian. Hakukaa hata dakika moja ajiulize kama picha hiyo ni yake kuitoa.

Bupe aliitazama muda mrefu. Alikuwa hajala tangu jana, midomo imepauka.

"Gwe Subi," alisema mwishowe. "Huyu ni mwanangu, na gunia lake begani."

"Ni yeye."

"Wanasema amemkaba mzee wa watu. Wamenionyesha. Nikawaambia, anamwinua! Wakaniuliza, mama, unaona mtu mwingine hapo? Sikuona mtu." Akaibana picha kifuani. "Twende nayo sasa hivi."

"Haiendi hivyo, ndugu yangu." Subilaga aliitoa picha taratibu mikononi mwake. "Leseni yangu ni ya harusi na misiba. Nikipiga njiani, kila niliyempiga bila kumwomba lazima aniwekee dole gumba ndani ya siku saba. La sivyo naichoma, na leseni yangu inakwenda. Mshitakiwa na askari mahakama inaweza kuwalazimisha, marehemu haulizwi. Wapita njia, hapana. Na negativu, ile filamu yenyewe, isiwe na mkwaruzo hata mmoja. Ukifuta uso wa mtu, filamu nzima imekufa, hawaipokei."

"Wapita njia wangapi?"

"Mmoja. Yule mama wa ndizi."

Bupe karibu acheke. "Mmoja tu! Nani atakataa kumtoa mtoto wa mwenzake kitanzini?"

"Nitamtoa mwanao, Bupe," alisema Subilaga. Alilisema kwa sauti, na alilisema akiamini.

*

Yule mama wa ndizi, sokoni walimwita Mama Kija. Hakuwa mtu wa pale. Kiswahili chake kilikuwa cha Kanda ya Ziwa, na alikuja miaka miwili nyuma na mtoto mmoja wa kike. Hakuwa na simu. Subilaga alipomwekea picha juu ya meza, aliifunika haraka kwa jani la mgomba.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Nimeipiga mimi."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza, mwanangu. Wala sikukuona. Lakini ilikuwa njiani, na njia ni ya wote."

Maneno hayo Subilaga alikuwa anayajua kwa moyo. Sheria ya shela ilipokuja, yeye ndiye aliyewaongoza wapiga picha wa Mbeya kuandamana, bango mkononi, akisema kilichoko hadharani ni cha macho ya watu wote, na kwamba siku mtakapofunika nyuso ndiyo siku wakubwa watakapopiga watu bila kujulikana. Hakuna aliyemsikiliza. Na sasa mzee alikuwa amekufa palepale, kama alivyosema. Alikuwa na haki ya kujisikia mshindi, na kweli kidogo alijisikia.

"Njia ni ya wote," Mama Kija alikubali. "Uso ni wangu."

Akavuta mkono wa blauzi. Kuanzia kiwiko hadi begani ngozi ilikuwa imekunjamana, nyekundu na nyeusi.

"Haya ni mafuta ya kupikia, alinimwagia mume wangu. Nilikuwa na watoto wawili, mama. Sasa nina Kija peke yake. Watu waliambiwa ni ajali ya jiko, wakaamini. Nimehama mara nne. Mara ya tatu alinipata kwa picha ya ubatizo wa mtoto wa jirani, nimesimama nyuma huko, nimeshika sahani. Mpiga picha alikuwa na filamu kama wewe. Alinipenda tu jinsi nilivyosimama, alisema."

"Mahakama ina namna ya kuwalinda watu. Tutaomba jina lako lisitajwe."

"Unajua anafanya kazi wapi, mume wangu?" Mama Kija alishusha mkono wa blauzi. "Daftari la Sura. Ni msomaji. Kila picha ya ushahidi nchi hii inapita mbele ya wasomaji, wanaisoma, wanaandika nani ni nani. Sasa niambie huyo hakimu atanificha wapi."

Mteja alifika, akauliza bei ya mkungu, akaondoka.

"Nilimwona yule askari," Mama Kija aliendelea, sauti chini. "Wote walikuwa wanatazama simu. Mimi sina simu, nilitazama. Ningeweza kusema. Ila kiapo kinataka kidole, na kidole kinakwenda palepale Daftarini. Gwamaka ndiye ananipakulia ndizi kila Jumanne. Nalia, mama, usidhani silii. Lakini usiniombe. Ukimwombea mtoto wa mtu, mimi wangu nani atamwombea?"

Aliichukua picha chini ya jani, akaipangusa maji kwa kanga, akamrudishia.

*

Siku zilikwenda. Bupe alikuja Jumanne, akaja Jumatano, kila mara akiuliza, "Ameweka dole?" na kila mara Subilaga akisema bado, mama yule anafikiria. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza. Alimkasirikia Mama Kija, kisha akajikasirikia yeye, kisha akaukasirikia mkungu wa ndizi uliopendeza. Usiku hakulala, mchana hakula. Mara mbili alivaa viatu aende mahakamani na negativu mfukoni, akisema moyoni kwamba mwenye hatari ya kweli ni aliye rumande, huyu mwingine hatari yake ni ya labda. Mara mbili akavua viatu.

Alhamisi alimfuata wakili aliyepewa Gwamaka, kijana mmoja mpole aitwaye Mwaipopo, akamuuliza kwa kuzunguka kama kuna njia ya kuondoa ukungu kwenye simu za watu.

"Ukungu haufuti kitu, bibi," Mwaipopo alimweleza. "Sura iko chini yake, imefungwa kwa ufunguo. Hakimu anaweza kuamuru kufunuliwa kwa mtu mmoja. Lazima shahidi ataje alama ya mwilini, kovu, jino, kitu ambacho wengine pale hawana. Mashine inatafuta alama hiyo chini ya ukungu bila binadamu kuchungulia. Ikiipata inamfunua huyo tu, wengine wanabaki kama walivyo."

"Na mbona hamjaomba?"

"Tutaje alama gani? Gwamaka alimwona kwa mgongo. Nimehoji watu thelathini waliokuwepo. Wote walikuwa wanapiga picha. Waliona ukungu, kama wewe na mimi."

"Je, shahidi akiwa ameiona alama hiyo kwenye picha? Picha ya filamu, tuseme."

Mwaipopo alitikisa kichwa. "Hapo hakuna kitu. Watu wangekuwa wanapiga picha za wizi kisha wanazisomea alama. Sheria inataka jicho tupu. Niliona kwa macho yangu, pale pale. Na mashine ikikosa, ombi halirudiwi."

Ijumaa asubuhi, siku ya saba, ambayo pia ilikuwa siku ya kesi, Subilaga aliwasha jiko la mkaa uani. Aliitazama negativu mara ya mwisho kwa kioo cha kukuzia, sikio lile hasa, mpaka macho yakamtoka machozi. Kisha akaiweka juu ya mkaa, na nakala juu yake. Filamu inaungua vibaya, inajikunja na kunuka. Alisimama hapo mpaka pakabaki jivu, kwa sababu alijijua: kama ingekuwepo popote, angeulizwa, na akiulizwa angeitoa.

*

Mahakamani Subilaga alijitokeza kuwa shahidi wa Gwamaka, akaweka dole, akaapa kwa Biblia, mkono juu. Mwaipopo alimwuliza alikuwa wapi, akasema. Akamwuliza aliona nini.

"Nilimwona askari amempiga mzee Anyelwisye kwa kirungu upande wa kulia wa kichwa. Gwamaka hakuwepo karibu, alikuwa anakuja na gunia. Askari yule sikio lake la kushoto limekatika, ncha ya chini haipo."

Mwaipopo alimtazama kama mtu aliyekumbuka jambo. Ndipo akasimama wakili wa Kikosi, mwanamke mtu mzima, mwenye adabu na macho makali.

"Shahidi, wewe kazi yako nini?"

"Mpiga picha."

"Wa filamu. Siku hiyo ulikuwa na kamera?"

"Nilikuwa nayo."

"Ulipiga?"

Angeweza kusema hapana. Lakini watu walikuwa wamemwona. "Nilipiga moja."

"Iko wapi?"

"Nimeichoma leo asubuhi."

Bupe, aliyekaa mstari wa mbele, alisimama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umechoma?" kama vile hakusikia vizuri, na mlinzi akamkalisha kwa kumshika bega.

"Umeichoma kwa nini, ikiwa ilionyesha hayo unayoyasema?"

"Ilikuwa na sura ya mtu asiyeniruhusu. Sheria imenipa siku saba. Na sheria hiyohiyo inanikataza kumtaja."

Wakili wa Kikosi alitabasamu kidogo, si kwa dharau. "Basi shahidi, tuelewane. Alama hii ya sikio umeisoma kwenye picha."

"Hapana."

"Uliiona wapi?"

"Sokoni. Kwa jicho tupu."

Hakimu aliinua kichwa. Alikuwa mzee mwenye sauti ya taratibu. "Mama, umekula kiapo. Nakuuliza mimi mara moja tu. Uliliona sikio hilo kwa macho yako, wakati tukio linatendeka?"

Miaka arobaini Subilaga aliwaambia wanafunzi wake kwamba mwizi anaiba kitu, bali mpiga picha mwongo anaiba macho ya watu. Alikumbuka lile giza dogo la kioo kinapoinuka. Aliona aibu, aibu ya kweli, na uso wake ulikuwa wazi mbele ya watu wote.

"Niliona, mheshimiwa," alisema.

Amri ikatolewa. Kwenye kioo kikubwa ukutani walileta video moja ya simu, ukungu umejaa, na Gwamaka bado hajaingia. Mashine ilianza kutafuta. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Bupe alikuwa ameziba macho kwa viganja. Dakika ya tatu, katikati ya ukungu, kipande kimoja kilijikusanya kikawa bega, kikawa mkono na kirungu, kikawa kijana aliyeuma mdomo, sikio la kushoto nusu. Kirungu kilishuka. Pembeni, nyuma ya ndizi, ukungu mmoja mwembamba ulibaki umesimama, na hakuna aliyeutazama.

Gwamaka aliachiwa kabla ya adhuhuri. Subilaga alinyang'anywa leseni kwa kupiga njiani, akaikabidhi kamera mezani kwa karani, akatia sahihi.

*

Nje watu walikuwa wamembeba Gwamaka juujuu, kwaya imeshaanza kuimba. Bupe alijitoa kwenye kundi akaja mpaka alipokuwa Subilaga, chini ya ngazi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Ndaga, Subi," alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Mwanangu ametoka. Ndaga fijo."

"Ashukuriwe Mungu."

Hawakukumbatiana. Bupe alijifunga upya kitenge kiunoni, polepole, akitafuta maneno.

"Nikuulize. Kama mashine ingelikosa lile sikio?"

"Ingekuwa mimi ndiye niliyemfunga."

"Kofia ya askari ingelifunika. Au ungelisahau ni la kulia au la kushoto."

"Ndiyo."

"Na ulilijua hilo wakati unaichoma picha?"

Siku hiyo Subilaga alikuwa amesema uongo wa kutosha. "Nililijua," alisema.

Bupe aliitikia kwa kichwa. Nyuma yake walikuwa wanamwita, Mama Gwamaka, Mama Gwamaka, njoo.

"Huyo uliyemficha, anajua ulichofanya?"

"Hajui. Wala hatajua."

"Ana watoto?"

"Mmoja."

Bupe aliangalia upande wa waliombeba mwanawe. "Mimi pia mmoja," alisema. "Jumapili usije kula kwangu kama ulivyozoea, Subi. Labda Jumapili nyingine. Sijui." Akageuka, akaenda kwa mwanawe, na Subilaga hakumwita.